Lami mpya mtaani, magari yanakimbia, je tupige matuta wenyewe?

Dada mmoja wa huko Goba, Dar, kaniandikia swali refu, nalifupisha. Barabara ya mtaa wao iliyokuwa ya vumbi imewekwa lami mwaka jana, kama mita 800 hivi toka barabara kubwa mpaka shule ya msingi. Wakashangilia. Sasa watoto wawili wameshagongwa na bodaboda, wamepona ila mmoja ana chuma mguuni, magari yanayokwepa foleni asubuhi yanakatiza hapo kama yanafukuzwa, pembeni hakuna pa kutembea, na mwanae wa darasa la tano anataka baiskeli na mama mtu anaogopa. Wanaume wa mtaa wameshachanga hela ya saruji, Jumapili wanataka kupiga matuta. Anauliza: tuwaache wapige? Na kama jibu ni hapana basi tufanye nini?

Dada yangu pole kwa hao watoto kwanza. Jibu la haraka ni kwamba matuta mnayahitaji ila sio hayo ya Jumapili, na jibu refu ndo hili, kaa chini maana nina mengi, kazi hii ya barabara za halmashauri nimeifanya miaka mingi na stori yako nimeisikia mitaa kibao, inabadilika jina la mtaa tu.

Tuanze na kilichotokea hapo kwenu. Wakati wa vumbi yale mashimo na makorongo ndo yalikuwa trafiki wenu, hakuna mtu anapita na gari yake pale zaidi ya mwendo wa kutambaa. Ikaja lami, shimo likaondoka, na hakuna kilichowekwa badala yake. Dereva hasomi kibao, anasoma barabara. Akiona lami pana, imenyooka, haina kitu pembeni, mguu wenyewe unakandamiza mafuta bila hata yeye kufikiri, mimi mwenyewe nafanya hivyo na ndo kazi yangu kukataza. Kwa hiyo ukiweka kibao cha kilomita 30 kwa saa kwenye barabara iliyochorwa kwa ajili ya 60, utapata 60 na kibao.

Sasa kwa nini naing'ang'ania hiyo 30. Sheria yetu ya usalama barabarani inasema mwisho ni 50 kwenye maeneo ya makazi, na watu wengi wanaona 50 ni mwendo wa mzee. Chukua mfano huu. Mtoto anachomoka nyuma ya genge la mbogamboga kufuata mpira. Dereva wa 30 anashtuka, sekunde moja inapita kabla mguu haujafika kwenye breki, keshatembea mita 8, breki zinashika, mita 5 nyingine gari imesimama. Jumla 13. Dereva wa 50, huyo huyo, macho yale yale, breki zile zile, ile sekunde moja ya kushtuka peke yake inamla karibu mita 14. Yani pale ambapo gari ya kwanza imeshasimama kabisa, ya pili ndo kwanza mguu unagusa breki na bado iko 50 kamili. Anahitaji jumla ya mita 27, 28 hivi kusimama, na hapo lami ni kavu na tairi sio kipara. Na ule mshindo wenyewe, nguvu ya gari ya 50 ni karibu mara tatu ya gari ya 30, sio mara moja na nusu kama watu wanavyodhani, maana nguvu inapanda kwa mraba wa mwendo. Ndo maana mwaka 2020 kwenye lile Azimio la Stockholm la usalama barabarani nchi zilikubaliana kwamba popote watu na magari yanapochanganyika mwendo uwe 30, na Graz kule Austria walishaweka 30 mitaa yote ya makazi toka 1992.

Na yule jirani atakayelalamika kwamba atachelewa kazini, mpe hesabu. Mita 800 kwa 50 ni sekunde 58. Kwa 30 ni sekunde 96. Anapoteza sekunde 38, na akifika barabara kubwa anaenda kukaa foleni nusu saa.

Kabla ya kujenga chochote, pimeni. Hii ndo sehemu ambayo watu wanairuka na ndo inayowaangusha mbele ya ofisi za watu. Huhitaji ile tochi ya trafiki. Chukua futi kamba, pima mita 50 za barabara, weka alama ya chaki mwanzo na mwisho, kaa sehemu ambayo madereva hawakuoni (wakiona mtu na daftari wanapunguza, wanadhani ni serikali), tumia saa ya kwenye simu, gari ikigusa alama ya kwanza bonyeza, ikigusa ya pili bonyeza tena. Kisha gawa 180 kwa hizo sekunde unapata kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni 30. Sekunde nne na nusu ni 40. Sekunde 3.6 ni 50. Sekunde 3 kamili ni 60 na hapo utasikia moyo unadunda. Pimeni magari na bodaboda 100, muda ambao hakuna foleni, zipangeni hizo kasi toka ndogo mpaka kubwa, angalieni ya 85. Hiyo namba ndo mainjinia wanaitumia, inaonyesha mwendo wa watu wengi bila kuwahesabu vichaa wachache. Ukienda ofisini na sentensi "magari yanakimbia sana" utaambiwa tumepokea. Ukienda na "kati ya vyombo 100 vilivyopita Jumanne kati ya saa nne na saa tano, cha 85 kilikuwa 57", mtu anavaa miwani.

Haya, matuta. Tuta la wananchi nalijua, zege limerundikwa kwa koleo, upana wa hatua moja, juu limechongoka kama mgongo wa samaki, na halina rangi. Tuta la hivyo linavunja sampo (lile bakuli la oili chini ya injini) za magari madogo, linamrusha mama mjamzito kwenye bajaji, gari ya wagonjwa inalilaani, na usiku mtu wa pikipiki asiyelijua anaruka nalo anafia hapo. Halafu kisheria mmejenga kitu kwenye barabara ya umma bila kibali, siku mtu akiumia pale wanatafutwa waliochanga hela ya saruji. Nimeshaona mwenyekiti wa mtaa anahangaika na kesi ya namna hiyo, sitaki kusema wapi.

Tuta zuri ni refu na limelala. Lile la kitaalamu la mduara, lililofanyiwa majaribio Uingereza miaka ya 70 na dunia nzima ikalichukua, lina urefu wa mita 3.7 kufuata barabara na kimo cha sentimita 10 tu katikati, mara nyingine 7.5. Ukilipita kwa 25 au 30 linakubembeleza, ukilipita kwa 50 linakupiga kichwa kwenye dari. Ndo uzuri wake, linamwadhibu anayekimbia tu. La kwenu la koleo linamwadhibu kila mtu, hata anayetambaa.

Jingine, matuta mawili hayasaidii. Dereva akishavuka la kwanza anakanyaga kufidia muda aliopoteza, katikati mwendo unakuwa mbaya kuliko mwanzo, wenye nyumba za katikati ndo wanaumia. Yanatakiwa yaje kila baada ya mita 80 mpaka 100 ili dereva aone hakuna faida ya kukanyaga. Kwa mita 800 zenu hesabu vituo nane hivi vya kupunguza mwendo, na sio lazima vyote viwe matuta. Msiweke kwenye kona, wala pale mteremko unapoanza kushuka, na lisiwepo hata moja bila rangi na kibao kabla yake.

Na maji! Hapa mafundi wengi wanaboronga. Ukijenga tuta toka ukingo hadi ukingo maji ya mvua yanatuama nyuma yake, lami inaoza, baada ya masika mbili una shimo na tuta. Wakiacha upenyo pembeni maji yapite, bodaboda anapita kwenye upenyo huo huo bila kupunguza, tena pembeni kabisa ambapo ndo watoto wanatembea, kwa hiyo mmejenga kitu kinachowasukuma bodaboda kwa watoto. Upenyo ukiachwa basi uwekewe nguzo fupi ya zege ili maji yapite na pikipiki isipite. Watoto wenu wamegongwa na bodaboda sio na Prado, kwa hiyo hilo la nguzo lisimamieni.

Rasta, zile mistari minene ya kutetemesha, wasiwadanganye nazo. Zinafaa kumuamsha dereva wa basi kabla ya kijiji kwenye barabara kuu. Mtaani zinapiga kelele usiku kucha kwenye madirisha ya watu, na madereva wamegundua ukizipita kwa kasi zinatetemesha kidogo kuliko ukizipita taratibu, kwa hiyo matokeo yake unayajua.

Mbele ya shule ombeni kivuko kilichoinuliwa. Ni tuta lenye mgongo bapa, juu mita tatu nne za kutosha kupaka zebra, na miteremko ya kama mita moja kila upande. Mtoto anavuka akiwa juu, anaonekana, na gari inapanda kwake badala ya yeye kushuka kwa gari. Zebra tupu kwenye lami tambarare mi siipendi mtaani, inampa mtoto imani ambayo dereva hana. Kama kuna kituo cha bajaji au daladala hapo, zebra iwe nyuma ya gari linaposimama, isiwe mbele yake, maana watoto wanaovuka mbele ya gari lililosimama hawaonekani na anayelipita lile gari kwa pembeni.

Kitu kingine cha shuleni ambacho watu hawakifikirii ni geti. Shirika la Amend limefanya kazi hii Dar miaka mingi kwa shule za msingi, wanaiita SARSAI, mambo yao ni madogo madogo tu, njia ya miguu, matuta, vivuko, vibao, na saa nyingine kuhamisha geti la shule litazame mtaa uliotulia. Majeraha ya watoto yalipungua kwa kama robo kwenye shule walizofanyia tathmini, na mwaka 2019 wakapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Mwulizeni mwalimu mkuu kama ukuta wa shule una upande wa pili unaotazama kichochoro. Kutoboa ukuta na kuhamisha geti kunaweza kuwa rahisi kuliko hayo matuta nane.

Sasa pa kutembea. Umesema hakuna, lakini nikiangalia ile picha uliyonitumia pa kutembea papo, pameliwa. Kuna mtaro wazi, halafu kuna kipande cha kama mita mbili kabla ya kuta za nyumba, na kile kipande kila mwenye nyumba kakifanya chake. Huyu kajenga mteremko wa geti umeinuka nusu mita ili Noah yake isiguse, wa pili kapanda michongoma, wa tatu kamwaga mchanga na tofali toka mwaka juzi anajenga, wa nne kampangisha mtu wa chipsi. Mtembea kwa miguu anapanda anashuka kama yuko Lushoto, anachoka, anaingia kwenye lami. Wala simlaumu.

Dawa ya kweli ni kufunika ule mtaro kwa mifuniko ya zege inayonyanyulika, na kuweka njia yenye upana wa mita moja na nusu angalau, mbili ni bora, iwe usawa mmoja ikipita mbele ya mageti. Yani geti ndo linashuka kuifuata njia, sio njia inapanda kulifuata geti. Mifuniko lazima inyanyulike, nasisitiza, kuna mtaa walifunika wakaziba kwa zege moja kwa moja, takataka zikajaa chini, mvua ya kwanza maji yakaingia vyumbani kwa watu na wakaibomoa kwa nyundo wenyewe. Kama hela hakuna, anzeni na upande mmoja tu, ule wenye shule. Upande mmoja uliokamilika unashinda pande mbili za vipande vipande.

Na ukishajenga kingo za njia hiyo, barabara inabana yenyewe. Hilo ni zuri! Lami ya mita 7 mnaweza kuibana iwe 5.5, magari mawili yanapishana vizuri tu, ila yanapishana kwa adabu. Kwenye makutano ya vichochoro ombeni kona ziwe kali. Kona pana ya mduara gari linaikata bila kugusa breki, kona kali lazima apunguze karibu kusimama ndo aingie. Na hapo hapo kwenye kona mara nyingi ndo pana kijiwe cha bodaboda, kaeni nao wasogee hata mita 10 toka kwenye kona ili anayetokea aone na aonekane, hao ni vijana wenu, wanaelewana na mtu akienda na heshima bila kuja na mgambo.

Kuhusu magari ya kukatiza, hapa kuna dawa moja kali ambayo itagombanisha watu kwa hiyo itajeni mwishoni mwa kikao. Mnaweza kuomba sehemu moja katikati ya barabara iwekwe nguzo, mtu anapita, baiskeli inapita, toroli la maji linapita, gari haipiti. Kila nyumba bado inafikika kwa gari, ila kwa upande mmoja tu, na yule anayekwepa foleni hana tena sababu ya kuja. Waholanzi walifika huko kwa uchungu, mwaka 1971 barabara zao ziliua zaidi ya watu 3,000, watoto mamia, wazazi wakaingia barabarani miaka ya mwanzo ya 70 na kampeni yenye jina ambalo kwa Kiswahili ni "Komesheni mauaji ya watoto", na mitaa wanayoishi watu ikaanza kufungwa kwa magari ya kupita. Zile baiskeli tunazozisifia leo zilikuja na ugomvi. Kwenu naona shida moja, gari ya zimamoto na ya kunyonya vyoo, kwa hiyo nguzo ya katikati iwe ya kung'oka na ufunguo ukae serikali ya mtaa.

Haya baiskeli ya mtoto. Watu wanadhani lazima ijengwe njia ya baiskeli. Kwa mtaa wenu hapana, mkishafika 30 mtoto wa darasa la tano anaendesha humo humo barabarani na magari, njia ya pekee yake ni ya kule barabara kubwa. Vinavyomuangusha mtoto wa baiskeli mtaani ni vitu vidogo ambavyo dereva wa gari havioni kabisa. Mchanga, kwanza. Kila kichochoro cha vumbi kinachoingia kwenye lami yenu mvua inashusha mchanga inautandaza pale kwenye makutano, tairi jembamba likikata kona juu yake linateleza kama limepakwa sabuni. Dawa ni kuweka lami au hata paving mita 5 mpaka 10 za mwanzo za kila kichochoro, ombeni hilo kwenye barua, ni kazi ndogo. Pili ule ukingo wa lami, pembeni udongo umeliwa na maji lami imebaki juu kama ngazi, mtoto akipigiwa honi anatoka, tairi la mbele linashuka, akitaka kurudi linagoma, anapigwa chini. Pajazwe moramu pashindiliwe. Tatu vile vyuma vya kuchujia maji juu ya mtaro, angalieni vimelalaje, vikilala kufuata barabara tairi linazama lote, vinatakiwa vilale kwa kukatiza barabara. Ukishayamaliza hayo mnunulie. Ila asubuhi ya shule mpande naye wiki mbili za mwanzo, mtoto wa umri huo bado kukadiria kasi ya gari inayokuja kunamshinda hata kama darasani ni wa kwanza.

Njia ya kuomba. Barabara ya mtaa iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hao ndo wanazisimamia toka 2017, TANROADS wa barabara kuu msiende mtachoshwa bure. Fanyeni mkutano wa mtaa, muhtasari uandikwe na mahudhurio yasainiwe, mwenyekiti na mtendaji wagonge mihuri, barua ipite kata kwa diwani iende kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala trafiki. Ambatanisheni zile sekunde zenu, picha, na mchoro wa mkono tu unaoonyesha shule iko wapi na watoto waligongwa wapi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, sasa mtu akipeleka barua mwezi wa tano anaambiwa bajeti imeshapita na ni kweli imepita. Pelekeni kuanzia mwezi wa kumi. Msiombe "matuta", ombeni "kupunguza mwendo uwe 30 toka barabara kubwa hadi shuleni", halafu orodhesheni. Ukiomba tuta utapewa tuta moja.

Hela ya saruji iliyochangwa isirudishwe, itaenda kwenye mifuniko ya mtaro, mkiomba kibali wanafurahi wananchi wakichangia. Na hao wanaume wa Jumapili msiwakatishe moto wao, wapeni kazi isiyohitaji kibali cha mtu: wazoe mchanga kwenye makutano yote, wakate ile michongoma inayoziba kona, wamhamishe mwenye tofali, wafukue mtaro. Wewe kaa kivulini na simu yako na chaki, magari 100.